Miti Tisini na Saba

Mashine ya gemu ilianza kujizima wiki ileile daktari aliponiambia nikalale.

Hakuniambia kwa ukali. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti lake, akasema, "Mama Punje, safari hii tusingoje damu ndiyo ituambie. Kuanzia Jumatatu, kitandani. Kuamka ni kwa kwenda msalani na kuoga, basi." Nikahesabu vidole juu ya mapaja yangu. Mimba ilikuwa ya miezi minne na siku chache. Miezi mitano ya kuzungumza na dari. Nikasema sawa daktari, nikashuka ngazi polepole kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa mpaka mdomoni, na njia nzima nilikuwa nawaza kitu kimoja: bustani yangu.

Haikuwa bustani ya kukanyaga. Ilikuwa ndani ya mashine.

Mimba ya kwanza nililazwa hivyohivyo. Mume wangu ni fundi wa mafriji. Huondoka asubuhi na begi la spana, hurudi ananukia baridi, kama mtu aliyetoka kutembea nchi ya theluji. Alikuwa ananionea huruma kuniacha peke yangu na dari. Siku moja akarudi na mashine ya gemu kuukuu, mteja wake mmoja alikuwa anahama nyumba na hakuitaka tena. Ndani yake mlikuwa na diski moja tu. Gemu yenyewe si ya kupigana wala ya kukimbiza magari. Ni ya kulima. Kuna kiwanja, kuna mtu mdogo mwenye kofia pana, kuna koleo na kopo la kumwagilia maji. Mvua inanyesha, jua linatoka, hakuna anayekukimbiza.

Nikaanza kupanda mti mmoja kila siku. Mti mmoja kwa kila siku ambayo mtoto alibaki tumboni. Sikuwahi kupanda miwili, hata siku za furaha. Niliona kama nitakuwa nimekula siku ya kesho. Mchana, pazia likipepea na mwanga ukipanda ukutani, mipaka ilikuwa inapotea. Mvua ya kwenye gemu ikinyesha nilikuwa navuta shuka nifunike miguu. Kuna siku nilinusa udongo. Naapa niliunusa.

Siku ya tisini na saba nilipanda mti asubuhi, mchana uchungu ukanishika, na kabla jua halijazama Punje alikuwa kifuani kwangu, mdogo, mwekundu, anapiga kelele kama mtu aliyeahidiwa kitu kingine kabisa. Jina hilo la Punje alilipata akiwa bado kwenye picha ya hospitali, alipoonekana kama punje ya mtama iliyoelea kwenye maji.

Baada ya hapo sikuicheza tena. Mashine ilipanda juu ya kabati, ikafunikwa kitambaa, na mimi nikaingia kwenye mambo ya watu wazima: nepi, kazi, darasa la jioni. Lakini nilijua ipo. Na sasa nilipoambiwa nikalale tena, nilitaka nilale na ile bustani iliyokamilika mbele yangu. Kila nitakaposhikwa na hofu, nitembee katikati ya miti ile tisini na saba nijiambie: hii njia ina mwisho, na mwisho wake mzuri ninao, yuko hapo anachana nywele za mwanasesere.

Tulipoishusha na kuiwasha, taa ya kijani iliwaka. Feni yake ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Baada ya dakika kama sita ikajizima. Tukaiwasha tena, ikajizima tena, mapema zaidi.

"Ni joto," alisema mume wangu, ameweka kiganja juu yake. "Ngoja niiweke kwenye friji."

"Baba Punje!"

"Dakika kumi tu. Mimi kila kibovu nakitibu kwa baridi, na wengi wamepona."

"Itaingiwa na unyevu ndani. Usiiguse. Jumamosi naipeleka kwa Bi Lehemu."

*

Bi Lehemu hukaa nyuma yangu kwenye darasa la jioni. Ni mama wa makamo, amerudi shule kutafuta cheti ambacho ujana haukumpa nafasi, na mikono yake ina vidoadoa vya kuungua vya miaka thelathini ya kulehemu redio na televisheni za watu. Hesabu za desimali anazichukia. "Za kichwani naziweza," huninong'oneza, "za kwenye karatasi ndizo zinanikimbia. Hebu sogeza daftari." Namsogezea.

Karakana yake iko ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mshonaji. Mlio wa cherehani unapanda kutoka chini kupitia sakafuni, unaingia kwenye nyayo, unakwenda, unasita, unakwenda. Dirishani ametundika vipande vya waya vya rangi zote, na asubuhi ile ya Jumamosi jua lilivipitia likamwaga mistari myekundu na ya kijani juu ya televisheni zilizovuliwa migongo. Punje aliingia kwa kunyata kama tumeingia kanisani au msikitini.

"Karibuni. Mgonjwa yuko wapi?"

Mume wangu akaiweka mashine mezani. Bi Lehemu hakuchukua bisibisi wala mita. Aliigusa kwa nyuma ya kiganja, kama unavyogusa paji la uso la mtoto. Akaiwasha, akainamisha sikio. Akaiacha ijizime. Ndipo akaifungua, akapuliza vumbi, akamulika tochi ndani kwa muda mrefu, midomo ameibana.

"Mama Punje, sikudanganyi. Feni imekufa siku nyingi, na joto limepasua lehemu chini ya hii chipu kubwa, ndio mtima wake. Kupona haiponi. Tunachoweza ni kuchukua wasia wake kabla haijakata roho."

"Wasia ndio ninaoutaka."

"Basi tunatia flashi hapa ubavuni, tunanakili kumbukumbu zako. Halafu hizo kumbukumbu tutaziweka kwenye mashine nyingine ya aina hii. Ninayo moja pale, haina kasoro ila sura." Akaninyooshea kidole. "Lakini sikiliza kanuni ya karakana hii. Mgonjwa mahututi hapewi kazi mbili. Kunakili ni kunakili. Hatufungui gemu, hatutazami, hatuonyeshani. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Shemeji?"

"Mimi ni wa mafriji tu," alisema mume wangu, amenyanyua mikono.

Bi Lehemu akaiunganisha na televisheni moja, akawasha. Akachagua kunakili yote kwa pamoja. Mstari wa buluu ukaanza kutambaa kwenye skrini, ukafika robo, ukafika nusu, ukawa unatambaa kwa kusitasita kama konokono aliyesahau kitu nyuma. Giza. Akaitoa flashi, akaichomeka kwenye kompyuta yake. Tupu.

"Nusu ya kopi si kopi," alisema. "Itabidi tuchukue moja moja. Mafaili mangapi unayo humo?"

"Tisini na saba."

Akanigeukia. "Ya gemu ngapi?"

"Moja."

"Moja! Mwanamke wewe, kila siku ulikuwa unafungua faili jipya? Hukujua kwamba ungeweza kuhifadhi juu ya lile la jana?"

Nilitaka kusema sikujua, ili niwe mjinga tu yaishe. Lakini nilijua. Siku ya pili kabisa mashine iliniuliza kama nifute la jana niweke la leo, na mimi nimelala pale, mkono mmoja tumboni, nikaona siwezi kubonyeza kitu kinachosema futa. Jana ilikuwa imefanya kazi yake. Jana ilikuwa imenivusha. Nitaifutaje?

Nikamweleza hivyohivyo. Bi Lehemu hakucheka. Alijikuna shingo kwa mpini wa bisibisi, akasema, "Haya. Basi tutafute la mwisho, ndilo lenye miti yote. Liko tarehe gani?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika zaidi. Betri ndogo ya saa ya mashine ilikuwa imekufa tangu tulipoipata. Kila ilipowashwa iliamini kwamba leo ni tarehe mosi Januari, mwaka uleule. Kwa hiyo siku zangu zote tisini na saba zilikuwa siku moja, na mashine, kwa kukosa pa kushika, ilikuwa imezipanga kwa alfabeti.

"Kwa majina, basi. Uliyapa majina?"

"Niliyapa."

Kila ulipohifadhi, gemu ilikuwa inakuomba jina, herufi zisizozidi kumi na mbili. Mwanzoni sikujua niandike nini. Baadaye ikawa ndiyo sehemu ya siku niliyoingoja. Herufi kumi na mbili zinatosha, ukizizoea. La mwisho, nadhani, niliandika TWENDE. Nadhani.

*

Mume wangu alikuwa ameondoka kimyakimya. Alirudi baada ya muda na feni iliyotolewa kwenye friza lililokufa, na waya wake, na tabasamu lake.

"Nilidhani unarudi na samaki, shemeji," alisema Bi Lehemu.

"Hii imepuliza samaki miaka minane. Haiwezi kushindwa na gemu."

Wakaifunga kwenye mguu wa kiti, wakaielekeza ubavuni mwa mashine iliyofunguliwa. Ikaanza kuvuma, upepo ukapiga vipande vya waya dirishani, mistari ya rangi ikawa inacheza ukutani. Bi Lehemu akawasha mashine, akaweka nyuma ya kiganja chake, akasubiri. Dakika mbili. Dakika nne. Nyusi zikapanda. "Ala! Fundi wa samaki anajua kazi." Akanipa rimoti. "Wewe ndiye unayejua majina. Shuka mpaka TWENDE, nakili, toa. Mengine baadaye."

Kutoka chini mshonaji akaita kwa sauti ya hofu. Pasi yake ilikuwa inatoa cheche. "Nakuja! Usiiguse!" Bi Lehemu akashika bisibisi, akashuka ngazi mbio, na sauti yake ikapanda nyuma yake: "Kunakili tu!"

Orodha ikafunguka.

AMEGEUKA. AMEPIGA TEKE. ANALALA. BABA KAPIKA. BADO YUMO. Nilikuwa nimesahau kwamba ni mimi niliyeandika. DAKTARI KAJA. HATA SIJUI. JASHO. KIMYA. KIMYA TENA. Nilishuka, na kila jina lilikuwa kama mlango uliofunguliwa kidogo, unapita unaona kipande cha chumba: shuka la mistari, glasi ya maji, mwanga ukutani. Siku zimechanganyika, ya mwisho kabla ya ya kwanza, kilio pembeni ya kicheko. MGONGO WANGU. MVUA NZITO. NIMELIA. SIJALIA LEO.

"Umeandika nini, Mama?" Punje alikuwa ameegemea bega langu.

"Mambo yako."

TAYARI. Halafu mistari michache chini yake, TWENDE.

Nikasimama. TAYARI? Sikuikumbuka. Je, ile asubuhi ya mwisho niliandika tayari, au twende? Mojawapo ilikuwa ya siku ya tisini na saba, nyingine ya siku nilipodhani uchungu umeanza kumbe ni tumbo tu. Nikamtazama mume wangu. Alikuwa amepiga magoti ameshikilia feni, nywele zimesimama kwa upepo.

"Sijui ni lipi," nilisema.

"Fungua uone."

"Amesema tusifungue."

"Inakwenda vizuri. Dakika moja tu."

Nimejiuliza sana baadaye kwa nini nilifungua. Ningeweza kunakili yote mawili yaishe. Jambo la kitoto, hata Punje angeliona. Lakini nilikuwa sioni tena mafaili, nilikuwa naona mlango, na nyuma yake nimekaa mimi wa zamani namngoja mtu. Nikatoka kwenye orodha, nikafungua gemu, nikachagua TWENDE.

Kulikuwa na ukungu kwanza, kama kawaida ya gemu ile kila alfajiri yake. Ukungu ukanyanyuka taratibu. Miti ikatokea mmoja mmoja, ya mbele mirefu, ya nyuma michanga, safu kwa safu mpaka ukingoni mwa kiwanja, na majani yake yote yanapumua kwa pamoja. Mtu mdogo mwenye kofia alikuwa amesimama kwenye kona ya mwisho kabisa, palipokuwa na nafasi ya mti mmoja tu, na mti ule alikuwa ameshaupanda. Ardhi iliyomzunguka bado imeloa.

Cherehani chini ilikuwa imenyamaza. Feni inavuma, na ule upepo ulikuwa unatupiga sisi na ninaapa ulikuwa unaipiga na ile miti.

"Huyo ni wewe?" Punje aliuliza kwa kunong'ona.

"Ni mimi."

"Na mimi niko wapi?"

"Wewe ndiye hiyo yote."

Akasogea karibu, pua karibu iguse kioo. "Tembea, Mama. Tembea niione."

Nikatembea. Nilipita katikati ya safu, taratibu, na yeye anahesabu, moja, mbili, tatu, anaruka kumi na nne kama anavyoiruka siku zote. Mume wangu akaacha feni akaja kusimama nyuma yetu, mkono wake kichwani mwangu. Tukafika mti wa arobaini na kitu. Jua la gemu likawa linapanda.

Kisha jua likakwama. Rangi zikamwagika pembeni, kijani ikawa zambarau, na giza.

Nilisikia hatua za Bi Lehemu ngazini. Alisimama mlangoni, akaiona skrini, akaziona nyuso zetu tatu. Hakuna haja ya kumweleza fundi.

"Mlifungua."

"Tulifungua," nilisema. "Nilifungua mimi. Sikuwa na uhakika ni lipi kati ya mawili."

"Si ungenakili yote mawili?"

Nikainamisha kichwa. Mume wangu akaanza, "Ni mimi niliyemwambia..." Bi Lehemu akamnyamazisha kwa kidole. Akakaa. Akaigusa mashine kwa nyuma ya kiganja, akaondoa mkono haraka.

"Ni nzuri?" aliuliza, anapuliza mkono.

"Nini?"

"Bustani. Ni nzuri?"

"Nzuri sana, Bi Lehemu."

Akapumua kwa nguvu. "Angalau mmeiona. Haya, tokeni kwenye mwanga wangu."

*

Bi Lehemu alifanya kazi kwa saa nzima. Alipuliza hewa ya moto kwenye ule mtima, kidogo kidogo, huku anaimba kitu kisicho na maneno. Akaiacha ipoe polepole, feni ya friza imezimwa, kitambaa kimefunika. Punje alilala kwenye kiti. Nilimwuliza kama kuna matumaini.

"Matumaini yapo, ila ni mafupi. Dakika moja na nusu, mbili ikipenda. Na mara moja tu. Baada ya hapo tutaizika."

"Inatosha. Kunakili ni kama sekunde arobaini."

"Kunakili, ndiyo. Kushuka je? Orodha inaanzia A. TWENDE iko kule chini mwishoni, na ukibonyeza juu haizunguki kwenda mwishoni, nimeshajaribu."

Sikuwa nimeliwaza hilo. Mara ya kwanza nilishuka kama mtu anayetembea sokoni bila haja ya kununua.

Akawasha. Feni ikavuma. Taa ya kijani. Ilichukua karibu nusu dakika kufika kwenye orodha. Nikaanza kubonyeza chini, chini, chini, na mashine sasa ilikuwa nzito, kila mstari unajivuta kama mtu anayeamshwa kwa nguvu. AMEGEUKA. Bonyeza. AMEPIGA TEKE. Bonyeza. ANALALA. Herufi zilianza kutetemeka. Mstari mwembamba wa zambarau ukapita kwenye skrini.

"Inaondoka," alisema Bi Lehemu kwa sauti ya chini.

BABA KAPIKA. BADO YUMO. Zaidi ya mistari themanini ilikuwa imebaki.

"Endelea, endelea," alisema mume wangu.

"Mama Punje," alisema Bi Lehemu, "heri kenda shika kuliko kumi nenda uje. Lakini kumi ni zako. Amua mwenyewe."

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kushuka. Niliitaka ile miti yote. Niliitaka kama mtu anavyotaka maji. Nikaona mstari wa zambarau unapita tena, mnene zaidi, na nikaona jina lililokuwa linawaka mbele yangu, na mkono ukaamua kabla yangu. Nikabonyeza nakili.

Mstari wa buluu ukaanza kutambaa. Mume wangu alikuwa anaipepea mashine kwa kofia aliyoichomoa mfukoni, kuisaidia feni, bila aibu. Robo. Nusu. Ukasimama. Ukasogea. Mstari wote wa buluu ukajaa, neno moja likatokea kusema imekamilika, na neno lenyewe halikudumu. Kitu kililia ndani ya mashine, kidogo sana, kama kucha kwenye glasi. Haikuwaka tena.

Bi Lehemu aliichomeka flashi kwenye kompyuta. Faili moja. BADO YUMO.

*

Nilipaswa kushukuru. Nilishukuru kwa mdomo. Lakini njiani kurudi nyumbani, nimeshika mashine aliyotuazima Bi Lehemu ("Mpaka ujifungue, na kila nikija kukuona nikukute na daftari, usinitoroke na desimali zangu"), moyo ulikuwa mzito. Kwa sababu nilikumbuka siku ile ya BADO YUMO vizuri kuliko siku zote.

Ilikuwa siku ya damu. Muuguzi aliitwa mbiombio, mwanamke mnene mwenye mikono baridi. Aliweka chombo chake tumboni, akasogeza, akasogeza tena, na mimi nilikuwa natazama uso wake kama mtu anayetazama matokeo ya mtihani ubaoni. Mwishowe akasema, "Bado yumo, mama. Bado yumo." Akatoka. Mimi nikapanda mti, nikaandika maneno yake, nikalala.

Katika siku zote tisini na saba, niliyoiokoa ndiyo hiyo. Nilitaka mwisho wa hadithi nilale nao, nikapewa katikati yake, pale pabaya.

Jumapili sikuigusa. Jumatatu asubuhi nikaingia kitandani kama nilivyoagizwa. Mume wangu akanipangia mito, akanibusu, akaondoka na begi lake la spana. Dari ilikuwa ileile. Kuna ufa mmoja ulikuwa umeongezeka.

Mchana Punje akarudi kutoka darasa la awali, akatupa viatu, akapanda kitandani na rimoti mkononi. Hakuniomba ruhusa. Alikuwa ameshajifunza kuwasha kwa kumtazama baba yake.

"Punje, Mama hajisikii kuicheza."

"Nacheza mimi. Wewe lala, daktari amesema ulale."

Ukungu ukanyanyuka. Nilitaka kufumba macho, sikufumba. Miti ilikuwa michache, mifupi. Akaihesabu kwa kidole, akaruka kumi na nne, nikamrudisha. Thelathini na minane. Nyuma yake kiwanja kilikuwa wazi, udongo mtupu wa kahawia mpaka ukingoni. Mtu mdogo mwenye kofia alikuwa amesimama pembeni ya mti wa mwisho, amegeukia kule kusiko na kitu. Niliutazama ule udongo kwa muda mrefu. Kwenye karakana niliona miti ya watu waliokwisha kufika. Hapa palikuwa na nafasi.

"Mbona uliachia hapa?" Punje aliuliza.

"Sikuachia. Niliendelea, ila ile sehemu nyingine imepotea."

"Aa." Alifikiri. "Basi huyu mwingine hana miti yake?"

"Huyu mwingine nani?"

Akanigusa tumbo kwa rimoti.

Nikamwambia hana. Nikamwambia kila siku ni mti mmoja, nikamwonyesha koleo, kitufe cha kuchimba, mahali pa kuanzia, palepale nilipoanzia mimi siku ya thelathini na tisa. Alisikiliza kwa makini, ametoa ncha ya ulimi. Kisha akamtembeza mtu wake moja kwa moja mpaka katikati ya uwanja mtupu, mbali na safu zangu, akabonyeza kitufe, na hakukiachia.

"Bonyeza uachie, Punje. Unagusa tu."

Hakuachia. Koleo likaendelea kuchimba. Shimo likapanuka, likawa kubwa kuliko la mti, kubwa kuliko yule mtu mwenyewe, na chini yake kitu kikaanza kumeta. Maji yalipanda polepole, yakajaa mpaka ukingoni, yakatulia. Mawingu ya gemu yakaonekana ndani yake yanapita.

Nilinyanyuka kwa kiwiko. Siku tisini na saba nilikigusa kitufe kile mara moja kwa siku, kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ya wakubwa. Sikuwahi kujua kwamba chini kuna maji.

"Mama, ona! Bwawa!"

"Naliona."

"Kuna samaki?"

"Sijui, mwanangu."

"Kuna vyura?"

"Sijui. Huku sijawahi kufika."

Alinitazama kidogo, kwa huruma, kama anavyotazama watoto wa darasa la chini yake. Akaurudisha mto wangu uliokuwa umeteleza, akaupigapiga kwa kiganja mpaka nikalala sawasawa, kisha akageukia skrini akaanza kuchimba mfereji.